Mama Mkwe, Nahodha wa Nyamirambo

Mara ya kwanza mama mkwe kunipigia simu mwenyewe, bila kupitia kwa mke wangu, alitaka kujua kama huwa natapika nikipanda gari.

Nilikuwa juu ya paa la mteja huko Kiyovu, Kigali, nafunga paneli za sola, nikadhani kuna msiba. Kwetu mkwe na mabukwe, yaani mama wa mkewe, hawapigiani simu ovyo. Tunasalimiana kwa heshima siku za harusi na sikukuu, tunaulizana habari za nyumbani, basi. Nikaweka bisibisi chini na kukaa vizuri, utadhani ananiona.

"Hapana, mama," nikasema. "Sitapiki."

"Hata barabara ya Rusizi? Zile kona za Nyungwe?"

"Mara moja tu, mama. Na siku hiyo nilikuwa nimekula sambusa nyingi."

"Ukitapika, unaweza kuendelea na kazi huku unatapika?"

Swali hilo sikuwahi kuulizwa na mtu. Nikasema nadhani naweza.

"Vizuri. Zungumza na mke wako. Nahitaji fundi umeme."

Nilikuwa na mwaka na kitu tangu nimwoe binti yake. Nilijua kwamba yeye ni nahodha, lakini nililijua hilo kama unavyojua kwamba mjomba wa fulani anaishi Kanada: unaitikia, halafu unaendelea na chai. Rwanda haina bahari. Nahodha anayekaa Nyamirambo, kwenye mteremko nyuma ya maduka ya mafundi cherehani, ni kitu ambacho akili inakiweka pembeni.

Kazi yake ilikuwa hii. Kule pwani kuna karakana zinazounda yoti, zile boti za matanga za watu wenye nafasi, zenye vitanda na jiko ndani. Yoti ikimalizika, lazima mtu aiendeshe hadi bandari ambako mwenyewe anaitaka, na pengine bandari hiyo iko mbali, siku nyingi bila kuona nchi kavu. Mama mkwe ndiye aliyekuwa mtu huyo. Alikulia ukimbizini, Dar es Salaam, kama Wanyarwanda wengi wa rika lake waliokulia nje, akaingia karakana akiwa msichana wa kushona matanga, akatoka humo nahodha. Aliporudi Kigali na watoto hakuiacha kazi. Alipanda basi akaenda, akarudi, akaenda tena.

Neno lake kubwa lilikuwa "nionyeshe." Ukimwambia maziwa bado mazima, nionyeshe. Ukimwambia geti umelifunga, nionyeshe. Siku moja nilimkuta kwenye stendi ya moto, pikipiki zetu za abiria, karibu na msikiti, ameinama nyuma ya pikipiki anabonyeza tairi kwa kidole gumba, na dereva, mwanamume mzima mwenye ndevu, anatazama saa yake.

"Mama, hii moto iko sawa," dereva akasema. "Imetoka garaji jana."

"Na breki?"

"Breki iko."

"Nionyeshe."

Yule bwana akawasha, akateremka kidogo, akafunga breki mbele ya watu wote, akarudi amenuna. Ndipo mama mkwe akavaa kofia, akapanda, akaweka mkoba mapajani na kutulia kama mtu aliye kanisani. Madereva wa pale walimlalamikia sana akiwa hayupo. Lakini mimi nimepanda moto za stendi nyingi za mji huu, na sijaona stendi yenye breki nzuri kama ile.

Usidhani alikuwa hivyo kwa kila kitu. Paa la nyumba yake lilivuja tangu siku niliyokwenda kujitambulisha. Beseni la bluu lilikaa katikati ya sebule, na mvua ikinyesha tulizungumza kwa sauti ya juu ili tusikizane. Mke wangu alimsihi alitengeneze, nami nikajitolea kupanda.

"Liache," akasema. "Nyumba haizami."

Alikuwa mlokole wa kusali kwa sauti mpaka jirani wa tatu anasema amina, na majirani wenyewe wote ni Waislamu, na ndio aliowaachia funguo akisafiri. Mwezi wa Ramadhani alipika uji na kuwapelekea kabla ya kufuturu. Alikuwa mkali lakini hakupenda ugomvi. Mtu akimpandishia sauti, yeye aliishusha ya kwake, hata ukalazimika kunyamaza ili umsikie. Na alikuwa na uvivu mmoja wa ajabu: hakupenda kuosha vyombo. Nyumbani kwake vikombe vililala kwenye sinki mpaka mtu aone haya.

Safari aliyonichukua ilikuwa ya yoti mpya iliyonunuliwa na mfanyabiashara mmoja wa Kiyovu. Alitaka ipelekwe Shelisheli, ikakodishwe kwa watalii. Yoti ilikuwa Dar, lakini maandalizi yalianzia hapa Nyamirambo, kwa fundi Hamisi.

Hamisi ni mshonaji wa suti. Mama mkwe alimpelekea turubai nene na kumweleza anachotaka: vitambaa vya kufunga ubavuni mwa vitanda, ili boti ikilala upande mtu asidondoke.

"Mama, mimi ni fundi wa suti," Hamisi akasema.

"Ndiyo maana nimekuja kwako. Suti ikipasuka mtu anaaibika. Hiki kikipasuka anavunjika shingo."

Tuliporudi kuchukua kazi, alitoa kamba mkobani, akafunga kitambaa kimoja kwenye nguzo za duka kama machela, akamgeukia Hamisi, ambaye ni mtu wa mwili.

"Ingia."

"Mimi?"

"Wewe ndiye umeshona."

Hamisi akavua viatu, akajilaza humo ndani huku wateja wakicheka, na wapita njia wakaanza kusimama mlangoni. Mama mkwe akamtikisa huku na huku kwa nguvu zake zote. Tukasikia kitu kimeachia, kidogo sana.

"Nimeusikia," Hamisi akasema, bado amelala humo. "Ni ule mshono wa kona. Nishusheni, nirudie vyote."

Akavirudia vyote, wala hakuombwa.

Chakula tulinunua Gitega, mtaa wa jirani: mchele, maharage, majani ya chai, nyanya za kopo. Pale pale dukani mama mkwe alitoa kila kitu kwenye maboksi na kukipanga katika mifuko yake, kwa sababu, alinieleza, mende hutaga mayai kwenye maboksi, na mende akishaingia kwenye boti huyo ni baharia mpaka mwisho. Mwenye duka alibaki na maboksi yake matupu, anatuangalia tunavyopanda kilima na mizigo kichwani.

Tulikwenda Dar kwa basi. Kwenye basi alikuwa bado mabukwe wangu: alikaa kiti cha mbele, mimi cha nyuma, na tulipofika mizani alininunulia mahindi ya kuchoma akayapitisha kwa abiria wa katikati.

Yoti ilikuwa imeshushwa majini, imefungwa kwenye gati la karakana. Ilikuwa nyeupe, inang'aa, na ndani inanuka gundi na mbao mpya. Mimi nilisema ni nzuri. Yeye alivua viatu, akaingia, akaanza mbele kabisa kwenye nanga na kurudi nyuma taratibu, akifungua kila mfuniko, akiinua kila ubao wa sakafu, akipitisha mkono pale macho yasipofika. Kazi hiyo ilimchukua siku nzima. Jioni alinieleza kwa nini anaogopa boti mpya kuliko kuukuu.

"Ya zamani imeshaumwa, magonjwa yake yanajulikana," akasema. "Hii bado haijasema lolote."

Kazi yangu ilikuwa betri, taa, redio, pampu za kutoa maji, na usukani wa umeme, ile mashine inayoshika njia yenyewe watu wakipumzika. Nilikagua kila waya, nikamwambia kazi imekwisha. Unajua alichojibu. Lakini safari hii alichukua kanga yake, akanifunga macho kwa mkono wake mwenyewe. Mabukwe wangu! Nilisimama kama mti.

"Swichi ya pampu," akasema.

Nikapapasa, nikagonga kichwa, nikaipata.

"Taa ya mlingoti."

Nikawasha jiko.

Tulirudia mpaka mikono yangu ikazoea. Alipoifungua kanga aliniambia kwamba siku nitakayoihitaji ile pampu, hakuna atakayenishikia tochi.

Mwenye yoti alikuja kutoka Kigali na mkewe kutuaga. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa na furaha ya mtu aliyengoja kitu muda mrefu, na kule Shelisheli alikwisha kualika watu wa kuipokea. Asubuhi ya siku moja kabla ya kuondoka, mama mkwe alituchukua kwa majaribio, mimi na Salehe, baharia wa Tanga aliyefanya naye kazi miaka mingi, ambaye ndiye alikuwa mtu wetu wa tatu. Tukaisukuma yoti kwenye upepo mpaka ikalala ubavu, tukaigeuza, tukaisukuma tena. Tuliporudi gatini, akainua ubao wa sakafu wa nyuma. Palikuwa na maji, kama ya kujaza sufuria ndogo.

Msimamizi wa karakana akaangalia. "Ni maji ya kuoshea, mama. Vijana wameosha jana."

Mama mkwe akachovya kidole, akaonja. "Chumvi."

Msimamizi naye akaonja. "Basi ni wimbi limeingia kwa juu."

"Inawezekana. Lakini sijui. Na nisipojua siondoki."

Mwenye yoti alisikia neno hilo la mwisho tu. Akashuka ndani na viatu vyake. "Mama, watu wananisubiri. Maji kikombe kimoja! Pampu si zipo?"

"Zipo."

"Sasa?"

"Pampu ni ya maji ninayojua yanatoka wapi."

Akakasirika. Alisema kuna nahodha mwingine, tena mwenye jina, aliye tayari kuondoka kesho. Mama mkwe akashusha sauti mpaka sote tukainama kumsikia.

"Namfahamu, ni nahodha mzuri. Mpigie. Lakini mwambie habari ya haya maji kabla hajapanda."

Mimi nilitazama vidole vyangu vya miguu. Nilikuwa nimeacha kazi za watu Kigali, na niliona safari inaishia pale, na mama wa mke wangu anafukuzwa mbele yangu. Yeye akaanza kukausha sakafu kwa tambara kama yuko peke yake. Alipomaliza akachukua unga wa ngano wa maandazi yetu, akaunyunyiza kila mahali huko chini, mwembamba, mpaka pakawa peupe.

"Twende tena," akamwambia mwenye yoti. "Safari hii na wewe."

Akaenda. Yoti ikalala ubavu, mkewe akashika nguzo na kufumba macho, na bwana mwenyewe akalala kifudifudi sakafuni na tochi. Baada ya muda tukamsikia kutoka chini.

"Yanatoka hapa! Yanatambaa, nayaona. Hapa kwenye huu mhimili wa usukani."

Kwenye unga palikuwa na mstari mmoja wa maji, mwembamba kama uzi. Mpira unaozuia maji pale mhimili wa usukani unapopita ulikuwa umekaa upande. Boti ikisimama, hauvuji. Boti ikilala na kukimbia, unavuja. Mwenye yoti alipanda juu, unga umemjaa shatini, akamwambia msimamizi aitoe yoti majini. Halafu mwenyewe akawapigia simu wageni wake kuahirisha. Mama mkwe akampa chai.

Matengenezo yalichukua zaidi ya wiki. Tulipoondoka hakukuwa na sherehe, ila mkewe alituletea kapu la maembe na kumkumbatia mama mkwe kwa nguvu.

Sasa nieleze jambo ambalo mke wangu hakunionya. Mama mkwe, nahodha wa miaka yote hiyo, hutapika. Kila safari, siku ya kwanza yote na nusu ya pili. Pwani ilipopotea tu alikaa kwenye usukani na ndoo katikati ya miguu, akitapika, akifuta mdomo, akisoma dira, akitoa amri, akitapika. Mimi nilikuwa hoi. Nilijizuia kadiri nilivyoweza, nikamgeuzia uso, kwa sababu mtu hatapiki mbele ya mabukwe wake.

"Unafanya nini huko?" akaniita.

"Naona aibu, mama."

"Huku hakuna mkwe wala mabukwe. Kuna ndoo moja. Njoo."

Tukatapika kwa zamu. Salehe, ambaye hajawahi kutapika maishani mwake, alikuwa anakula samaki wa kukaanga na kututazama kwa huruma.

Siku ya tatu, asubuhi, upepo ukaongezeka na mawimbi yakawa makubwa, na usukani wa umeme ukafa. Ulitoa mlio mmoja ukazimika. Mama mkwe akashika usukani kwa mikono, akamwambia Salehe apunguze tanga, akaniambia mimi nishuke. Hakuuliza kama naweza. Niliingia kichwa na mabega katika tundu la nyuma, yoti inanirusha huku na huku, giza, joto, harufu ya dizeli. Nikaona nimerudi kwenye kanga ile, nikafumba macho na kufuata waya kwa vidole mpaka nikakuta kiungio kimoja kina kutu ya kijani. Maji ya chumvi yalikuwa yamekifikia kabla ule mpira haujabadilishwa, yakakila ndani kwa ndani. Nikakikata, nikaunga upya, nikakifunga. Mashine ikaamka.

Nilipotoa kichwa alikuwa amesimama vile vile, kanga imelowa, uso umetulia.

"Nini?"

"Kiungio, mama. Yale maji yetu."

Akaitikia kwa kichwa taratibu. Nadhani sote wawili tulikuwa tunafikiria wiki ile tuliyokaa gatini, na kama tusingekaa kingefuata kiungio gani baada ya hiki. "Osha mikono ule," akasema. "Umefanya vizuri."

Tulifika. Yoti aliiosha mwenyewe, chumvi yote, ndani na nje, mpaka vijiko, yeye asiyeosha kikombe nyumbani kwake. Akamkabidhi mwenye yoti, akapigwa picha moja bila kutabasamu, akaenda hotelini kulala, sherehe ikamkuta amelala.

Na tuliposhuka uwanja wa ndege wa Kigali, mke wangu akiwa anatungoja, mama mkwe alisogea pembeni, akajifunga kanga upya, akanisalimia kwa adabu zote.

"Habari za safari, mkwe?"

"Nzuri, mama. Za kwako?"

"Nzuri. Asante."

Mke wangu akatuangalia kama tumerukwa na akili.

Nilisafiri naye mara nyingine mbili, na kila mara ilikuwa hivyo hivyo. Halafu goti lake la kulia likaanza kumsumbua.

Mwaka huu, Jumapili moja baada ya ibada, tulikwenda kumsalimia. Tulimkuta sebuleni, mguu ameunyoosha juu ya kigoda. Simu yake ikaita. Walikuwa watu wa karakana ya Dar: kuna yoti mpya, kubwa kuliko zote walizowahi kuunda. Aliwasikiliza, akauliza maswali mawili ya usukani, akawaambia hapana. Hatakwenda tena, watafute mwingine. Akakata simu na kuomba sukari.

Nilidhani atahuzunika. Nikasema kwa upole, "Utaikosa bahari, mama."

"Bahari?" Akanitazama kama nimesema ujinga. "Mimi sikuipenda bahari hata siku moja. Naiogopa. Nilikuwa napenda boti ikiwa tayari gatini, kila kitu kimekaa mahali pake. Ingekuwa hiari yangu ningeshuka hapo."

Mke wangu alikuwa anamimina chai. Akaweka chupa mezani. Alikwisha kunieleza, zaidi ya mara moja, jinsi yeye na kaka yake walivyokua wakilelewa na majirani, wakiamini kwamba kuna mahali mama yao anapapenda kuliko nyumbani.

"Mama," akasema. "Ulikuwa unaogopa?"

"Kila safari. Utumbo wangu wote unajua."

"Mbona hukutuambia?"

"Niwaambie nini? Kwamba mama yenu anaogopa na kesho anaondoka? Mngelala?"

Mke wangu akazunguka meza, akaketi kwenye mkeka mbele ya mama yake, akautoa ule mguu kwenye kigoda na kuupakata. Akachukua dawa ya kuchulia iliyokuwa dirishani, akamimina kiganjani. Mama mkwe akanitupia jicho, akavuta kanga haraka kufunika goti, na kwa mara ya kwanza nikamwona hajui la kufanya.

Nikainuka, nikasema naenda kuangalia gari. Nikatoka, nikaurudisha mlango nyuma yangu, nikaketi kwenye ngazi za nje. Dirisha lilikuwa wazi.

"Hapa?" nikamsikia mke wangu akiuliza.

"Hapana. Juu kidogo."